Mnara wa Kuchimbia Mafuta: Unavyofanya Kazi, Aina Zake, na Yanayotuhusu Sisi wa Pemba



Kila lori la kuchimba kisima cha maji linaposimamisha mlingoti wake katika shehia yoyote ya kisiwa hiki, maneno huanza kabla ya maji kutoka. Wapo wanaosema mafuta yamegunduliwa. Wapo wanaoulizia bei ya viwanja vya jirani. Na wapo, kwa masikitiko yetu, wanaouza mashamba yao kwa bei ya kutupa kwa hofu kwamba yatachukuliwa bure. Baada ya siku chache lori huondoka, pampu hufungwa, watu hunywa maji, na shamba lililouzwa halirudi.

Makala haya yamekusudiwa kumwezesha mwananchi kuutazama mnara wa kuchimbia na kutambua mambo matatu: kazi yake ni ipi, utakaa muda gani, na kusimama kwake kunathibitisha nini. Haja ya somo hili si ya nadharia. Sheria Namba 6 ya mwaka 2016 imeipa Zanzibar mamlaka yake wenyewe ya kusimamia utafutaji wa mafuta na gesi asilia, chini ya udhibiti wa ZPRA. Mwaka 2017 ndege, na baadaye meli, zilipima miamba ya visiwa vyetu na bahari yake. Mwezi Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikatia saini mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji na kampuni ya RAK Gas ya Ras Al Khaimah kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar. Ndege na meli za upimaji hazina mnara. Mnara huja baadaye, ukija.

Pemba si mgeni wa jambo hili. Katika miaka ya 1950, kampuni za BP na Shell zilichimba kwa pamoja kisima kirefu Mafia, kisha kimoja Unguja mwaka 1956 na 1957, kilichofika takriban mita 4,350. Mwaka 1961 na 1962 zikachimba hapa kwetu kisima kinachojulikana katika vitabu vya wanajiolojia kwa jina la Pemba-5, kikateremka kiasi cha mita 3,900. Mafuta ya kufaa biashara hayakupatikana. Mnara ulifunguliwa vipande vipande, ukapakiwa, ukaondoka. Kilichobaki ni shimo lililozibwa na taarifa zilizowekwa makabatini, ambazo wataalamu wanazisoma hadi leo. Msomaji aishike hadithi hiyo fupi, kwani tutairudia.

Kinachobeba na kinachochimba

Mnara wenyewe hauchimbi. Kinachochimba ni keekee, yaani ncha ya chuma yenye meno, iliyofungwa kwenye mwisho wa bomba refu na kuzungushwa ndani ya mwamba. Kazi ya mnara ni kuibeba ile bomba, kuiinua na kuishusha. Kwa maneno mengine, mnara ni winchi kubwa iliyosimama juu ya shimo. Hata jina lake la Kiingereza limetokana na mtu aitwaye Derrick, mnyongaji wa London wa miaka ya 1600 hivi, ambaye mti wake wa kunyongea ulifanana na winchi ya kupakulia mizigo. Jina baya kwa chombo chenye manufaa, lakini ndilo lililoenea duniani.

Mtu aliyepata kusafiri katika jahazi hana haja ya kuelezwa mengi. Nahodha anapoamuru foromali ipandishwe, mabaharia hawaivuti mkono kwa mkono. Kamba hupitishwa katika gofia mara kadhaa, na kwa kila mzunguko uzito hugawanyika. Mnara wa mafuta una gofia mbili za chuma: moja imefungwa kileleni wala haisogei, ya pili hupanda na kushuka ikiwa na ndoana kubwa chini yake. Kati ya hizo mbili hupita waya mnene, mara nane au zaidi, na ncha moja ya waya huo huishia kwenye ngoma ya winchi iliyopo jukwaani.

Tuchukue hesabu ya Pemba-5. Bomba la kuchimbia la inchi 5 lina uzito wa karibu kilo 29 kwa kila mita. Urefu wa mita 3,900 unatoa tani 113, bila kuhesabu vipande vizito vinavyofungwa karibu na keekee. Ikiwa waya umepita mara nane, kila mstari unabeba tani 14 tu, na winchi inavuta kiasi hicho hicho. Mnara, hata hivyo, hausamehewi. Juu yake umelala ule mzigo wote wa tani 113, pamoja na mvuto wa ncha mbili za waya, moja iendayo kwenye winchi na nyingine iliyofungwa chini. Jumla inafika tani 141. Ndiyo maana miguu ya mnara husimamishwa juu ya msingi mzito, na ndiyo maana eneo lake huchaguliwa kwa kupima udongo kwanza, si kwa kuwa barabara iko karibu.

Kwa nini mnara uwe mrefu? Wengi hudhani kadiri mnara ulivyo mrefu ndivyo kisima kilivyo kirefu. Uhusiano upo, lakini si wa moja kwa moja. Keekee huchakaa, pengine baada ya saa chache katika mwamba mgumu, na kila inapochakaa bomba lote hutolewa, keekee hubadilishwa, na bomba lote hurudishwa. Kipande kimoja cha bomba kina urefu wa kama mita 9. Mnara mfupi hutoa kipande kimoja kimoja, na kwa mita 3,900 wafanyakazi watafungua maungio 433. Mnara wa wastani hutoa vipande viwili vikiwa vimeungana, maungio 216. Mnara mrefu, wa kimo cha mita 40 au zaidi, hutoa vitatu kwa pamoja na kuvisimamisha kando kama fito zilizoegemezwa ukutani: maungio 144 tu. Urefu wa mnara, basi, unanunua muda. Na kwa kazi inayogharimu fedha nyingi kila siku, muda ndio kila kitu.

Anayezipanga bomba hizo husimama katika kibaraza kidogo kilichoning'inia mita 25 hivi juu ya jukwaa, akiwa amefungwa mkanda kiunoni. Wachumaji wetu wa karafuu wataijua kazi hiyo, ila mkarafuu mrefu hauzidi sana nusu ya kimo hicho, tena hauna bomba la chuma linalopita mbele ya uso wako kila baada ya dakika chache. Katika mitambo ya kisasa nafasi yake inachukuliwa na mikono ya mashine, jambo jema kwa usalama, ingawa linapunguza idadi ya ajira ambazo vijana wetu wanazitarajia.

Kuzungusha bomba kulikuwa kazi ya meza ya chuma iliyopo jukwaani. Siku hizi mitambo mingi ina mota iliyoning'inia chini ya gofia, inayoshuka pamoja na bomba na kuizungusha kutoka juu.

Tope, na hatari ambayo mnara hauizuii

Ndani ya bomba husukumwa tope la udongo maalumu. Hutoka kwenye keekee, huipoza, kisha hupanda nje ya bomba likibeba vipande vya mwamba hadi juu, ambako huchujwa na kurudishwa tena. Mwanajiolojia huvisoma vipande hivyo kama mwalimu asomavyo daftari. Lakini kazi kubwa ya tope ni uzito wake: ndio unaokandamiza gesi na mafuta yasipande kabla ya wakati.

Uzito huo ukikosewa, matokeo hayasahauliki. Tarehe 10 Januari 1901, huko Spindletop katika jimbo la Texas, mafuta yaliruka juu kupita kilele cha mnara wa mbao na kuendelea kumwagika kwa siku tisa. Magazeti ya wakati huo yalishangilia. Tangu miaka ya 1920, chini ya jukwaa la kila mnara hufungwa vali nzito za kuzuia mripuko, ziwezazo kuliziba shimo na hata kulikata bomba. Hizo nazo huweza kushindwa. Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, mtambo wa Deepwater Horizon uliripuka, watu 11 wakafariki, na mafuta yakavuja baharini kwa siku 87. Kisiwa chenye eneo la hifadhi la Mkondo wa Pemba, lenye Misali na madago ya wavuvi wake, hakiwezi kulisoma tukio hilo kama habari ya mbali.

Kinga nyingine inatuhusu sisi tunaokunywa maji ya visima. Kabla ya kuendelea chini sana, shimo huvishwa bomba pana la chuma, na nafasi iliyobaki kati ya bomba na udongo hujazwa saruji. Bomba hilo la kwanza ndilo linalotenganisha maji matamu ya juu na chochote kitakachopita humo baadaye. Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba swali la kina cha bomba hilo, na jinsi saruji yake ilivyopimwa, lina uzito kwa shehia kuliko swali la mapipa mangapi yatapatikana.

Aina za minara ya nchi kavu

Mnara wa asili ni ule wa miguu minne, mpana chini na mwembamba juu, unaojengwa kipande kwa kipande mahali pale pale. Ulianza kwa mbao, ukaja wa chuma. Kuujenga kunachukua siku nyingi na kuubomoa vivyo hivyo, kwa hiyo nchi kavu umeachwa karibu kabisa.

Uliochukua nafasi yake twaweza kuuita mlingoti, na neno hilo linafaa kweli, maana huunganishwa ukiwa umelala chini kama mlingoti wa jahazi, kisha huinuliwa mzima kwa nguvu za winchi yake yenyewe. Una upande mmoja ulio wazi ili bomba zipite. Hubebwa kwa malori mengi, na mwananchi atautambua kwa msafara kabla hata haujasimama. Kwa mtambo wa namna hii, uwanja unaotakiwa ni hekta moja hadi mbili au zaidi, pamoja na mabwawa ya tope, matangi, jenereta na makaazi. Kwa kipimo chetu, ni shamba zima la eka tatu, pengine mawili.

Mlingoti wa tatu ni ule mdogo, unaorefuka kwa kutoka ndani ya mwingine kama darubini, uliofungwa juu ya lori moja. Huu hutumika kwa visima vifupi na kwa matengenezo ya visima vilivyokwisha kuchimbwa. Lori la kisima cha maji tulilotaja mwanzoni ni ndugu yake mdogo. Kwa ufupi: ukiona lori moja au mawili na kazi ya siku chache, ni maji, mafuta hayatafutwi hivyo.

Ipo aina nyingine ambayo majirani zetu wameizindua karibuni. Tarehe 24 Januari 2023, Rais Museveni alizindua uchimbaji katika eneo la Kingfisher, ufukweni mwa Ziwa Albert nchini Uganda. Mtambo wa huko husogea juu ya reli zake kutoka shimo hadi shimo bila kufunguliwa. Visima 31 vimepangwa kuchimbwa kutoka viwanja vinne tu, na vingi huanza wima kisha hupinda na kupita chini ya ziwa. Hapa pana fundisho kwetu: mnara ukisimama ufukweni, si lazima kinachotafutwa kiwe chini ya miguu yake. Mafuta ya Uganda yenyewe yamekusudiwa kusafirishwa kwa bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, ng'ambo ya mkondo wetu.

Baharini

Kwenye maji mafupi hutumika mtambo wenye miguu mirefu mitatu au minne. Huvutwa ukielea, ukifika hushusha miguu hadi sakafu ya bahari na kujiinua juu ya mawimbi. Miguu hiyo, hata ya mtambo mkubwa, haifai katika kina kinachozidi mita 120 hadi 150. Mkondo wa Unguja, wenye kina cha makumi ya mita tu, unaweza kuupokea. Mkondo wa Pemba hauwezi. Kati yetu na Tanga bahari hushuka hadi kiasi cha mita 800, na wavuvi wetu wanajua jinsi rangi ya maji inavyogeuka ghafla ukiacha mwamba.

Kwa kina cha namna hiyo pana njia mbili. Moja ni jukwaa linaloelea juu ya maboya makubwa yaliyozamishwa nusu, lisiloyumba sana. Nyingine ni meli kamili yenye mnara katikati na tundu kwenye tumbo lake, inayojishikilia mahali pamoja kwa mapangaboi yanayoongozwa na setilaiti, bila nanga. Minara yake hujengwa imara kuliko ya nchi kavu kwa sababu hutikiswa na bahari, na ina kifaa kinachoiacha gofia ipande na kushuka pamoja na wimbi ili keekee isinyanyuke kutoka kwenye mwamba. Katika bahari ya kusini mwa Tanzania njia zote mbili zimetumika. Mwaka 2012 meli ya Ocean Rig Poseidon ilichimba kisima cha Zafarani mahali penye kina cha maji cha mita 2,582, na gesi nyingi ikapatikana. Visima vya huko vimepewa majina ya viungo na ya samaki, kama Zafarani, Tangawizi, Pweza, Chewa na Jodari, kana kwamba vimepangwa na mpishi wa pilau.

Mnara unathibitisha nini

Hapa ndipo tunapoirudia Pemba-5. Kusimama kwa mnara wa utafutaji kunathibitisha kwamba mtu ameweka fedha katika dhana. Hakuthibitishi mafuta. Huko Tundauwa, magharibi mwa kisiwa chetu, mafuta ghafi huchuruzika yenyewe juu ya ardhi. Hiyo ni dalili kwamba chini huko mafuta yaliwahi kutengenezwa, si kwamba yamehifadhiwa katika mwamba wa kuyazuia. Hata moto mkubwa unaoonekana usiku kando ya mnara huwa ni jaribio la kupima mkondo wa kisima, na huweza kuzimwa kesho yake kisima kikafungwa.

Kinyume chake pia ni kweli. Kisima kikavu hakithibitishi kwamba hakuna kitu. Jamaa zetu wengi walioko Oman wanaifahamu habari ya Fahud, ambako kisima cha kwanza kilianza kuchimbwa mwaka 1956 kikatoka kitupu. Mwaka 1964 mafuta yakapatikana mita mia chache tu kutoka hapo, na mwaka 1967 Oman ikaanza kuyauza nje.

Aidha, mnara ukiondoka si lazima iwe ni kushindwa. Songo Songo, wilayani Kilwa, gesi iligunduliwa mwaka 1974. Mitambo ikaondoka, na kwa miaka 30 kisiwa hicho kikangoja, hadi gesi ilipoanza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004 kuzalisha umeme. Kilichobaki juu ya kisima cha uzalishaji ni mkusanyiko wa vali usiozidi sana kimo cha mtu. Umeme wa gesi hiyo huingia katika gridi ya taifa, na gridi hiyo ndiyo inayotufikia Pemba kwa waya wa chini ya bahari uliolazwa kutoka Tanga mwaka 2010. Taa zetu, kwa sehemu, zinawashwa na kisima ambacho mnara wake uliondoka zamani.

Kwa hiyo, iwapo siku moja msafara wa malori au chombo cha baharini kitaelekea kwetu, Baraza linawasihi wananchi wasiuze wala kununua ardhi kwa kutazama kilele. Sheria ya mazingira ya mwaka 2015 inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya kazi, na maoni ya wakaazi ni sehemu ya tathmini hiyo. ZEMA ndiyo inayoisimamia. Tunashauri mikarafuu, minazi na miembe ihesabiwe mbele ya mwenye shamba na Sheha kabla tingatinga halijawashwa, kwa sababu mti uliokwisha kung'olewa una mashahidi wachache. Visima vya maji vya jirani navyo vipimwe kabla, ili pakitokea malalamiko pawepo kitu cha kulinganisha.

Na katika mkutano wa shehia yaulizwe haya: mtambo ni wa aina gani na utakaa miezi mingapi, tope na vipande vya mwamba vitapelekwa wapi, bomba la kwanza la chuma litashuka hadi kina gani, nani atauziba mlango wa shimo kisima kikitoka kitupu, na uwanja utarudishwaje katika hali yake. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, yatiwe saini, na nakala moja ibaki katika ofisi ya Sheha.